Mji wa Kutembelea na Mji wa Kuhamia

Miji ya Marekani inayopendwa na watalii na ile ambayo Wamarekani wenyewe wanahamia ni makundi mawili tofauti. Wageni hujaa New York, San Francisco, New Orleans na Washington. Malori ya kuhamisha vyombo yamekuwa yakielekea kwingine kwa miaka mingi: Houston, Dallas, Phoenix na viunga vya Atlanta, miji isiyoonekana sana kwenye kadi za posta. Sensa ya mwaka 2020 ililiweka jambo hili wazi, pale Phoenix, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona, ilipoipiku Philadelphia na kushika nafasi ya tano nchini kwa idadi ya watu. Philadelphia ndiko lilikotiwa saini Azimio la Uhuru, na watalii hupanga foleni kuitazama kengele yake yenye ufa. Phoenix haina kengele.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema Waswahili, na methali hiyo inapima miji hii vizuri kuliko orodha nyingi za magazeti ya utalii. Mji unaomfurahisha mgeni wa siku mbili si lazima umfae aliyekwisha kukabidhiwa jembe, yaani mwenye kazi, pango la kila mwezi, shule ya watoto na bima ya gari. Ubishi wa Wamarekani kuhusu miji mizuri na mibaya mara nyingi hauna mwisho kwa sababu mmoja anazungumza kama mgeni na mwenzake anazungumza akiwa na jembe mkononi.

Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni gari. Miji ya zamani ilipimwa kwa miguu ya watu na farasi, baadaye kwa tramu. Nyumba zilibanana, duka likawa chini na makazi juu, na mtu aliweza kwenda kazini, sokoni na kanisani bila kupanda chombo chochote. Miji iliyokua baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilipimwa kwa gurudumu. Sheria nazo zilisukuma huko huko. Mwaka 1916 New York iliugawa mji mzima katika maeneo ya makazi, biashara na mengineyo, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kitongoji cha Euclid jimboni Ohio, ikauhalalisha ugawaji wa aina hiyo. Miji mingi ikautumia kutenga maeneo makubwa yasiyoruhusiwa kuwa na kitu kingine ila nyumba za familia moja moja. Halafu mwaka 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya barabara kuu, na serikali ya shirikisho ikabeba asilimia 90 ya gharama za mtandao wa kilomita 66,000 hivi. Barabara hizo zilipofika mijini, mara nyingi zilipasua mitaa ya watu weusi, ambako ardhi ilikuwa ya bei ndogo na wenyeji hawakusikilizwa.

New York ilikuwa imeshajengwa kabla ya yote hayo, na ndiyo maana inapata kura nyingi za mapenzi na kura nyingi za chuki kwa pamoja. Treni yake ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa mwaka 1904, ina vituo 472 na hutembea usiku na mchana. Zaidi ya nusu ya kaya za mji huo hazina gari, jambo geni kabisa katika nchi hiyo. Mgeni hapotei kwa urahisi Manhattan, kwa kuwa mpango wa mwaka 1811 uliipa mitaa namba badala ya majina na kuinyoosha kama mistari ya daftari. Wapangaji wale, hata hivyo, hawakuacha vichochoro vya nyuma. Kwa hiyo taka za mamilioni ya watu zimekuwa zikitolewa kwenye mifuko na kuwekwa kando ya njia, mbele ya milango ya hoteli na migahawa, na panya wa New York wana umaarufu wao duniani kwa sababu hiyo hiyo. Central Park, yenye hekta 341, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1858 na ni pafu la mji. Wengi wanaolala kwenye nyasi zake hawajui kwamba sehemu yake ilikuwa kijiji cha Seneca, ambako watu weusi walimiliki viwanja na nyumba zao mpaka walipoondolewa ili kupisha bustani.

Anayehamia New York hukutana na pango kwanza, ndipo akutane na mji. Vyumba ni vidogo na bei yake ni kubwa kiasi kwamba mwalimu, muuguzi na dereva wa basi wanaouendesha mji huo kwa kawaida hawaishi karibu na majengo ambayo mtalii anayapiga picha. Safari ya saa nzima kwenda kazini ni ya kawaida.

Washington haina kelele hizo. Sheria ya mwaka 1910 ilizuia majengo marefu, hivyo anga linaonekana, na makumbusho ya Smithsonian hayatozi kiingilio, neema ambayo mtalii mwenye watoto wanne huithamini kuliko mnara wowote. Joto la Julai na Agosti lina unyevunyevu wa kuchosha, na wakazi wa mji huo mkuu, ambako sheria za nchi hutungwa, hawana mbunge mwenye kura kamili katika Bunge la Marekani.

Kwa haki, Chicago ndiyo mji mkubwa unaostahili sifa nyingi kuliko unazopewa. Uliungua Oktoba 1871, na katika kujengwa upya ukawa uwanja wa majaribio wa wasanifu majengo. Jengo la Home Insurance la mwaka 1885, lililokuwa na ghorofa kumi zilizobebwa na fremu ya chuma, hutajwa mara nyingi kuwa ghorofa ndefu ya kwanza ya kisasa duniani, ingawa lilibomolewa mwaka 1931. Chicago ina kile ambacho New York ilikikosa: zaidi ya kilomita 3,000 za vichochoro vya nyuma, kwa hiyo taka hukusanywa bila kuonekana na njia za mbele huwa safi. Ufuo wa Ziwa Michigan karibu wote ni mali ya umma, na njia ya kutembea na baiskeli ya kilomita 29 hivi hufuata maji hayo bila kukatizwa na ukuta wa tajiri yeyote. Mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto wa mji huo utiririke kinyume, ili uchafu usiingie ziwani yanakotoka maji ya kunywa. Nyumba ni nafuu kuliko za New York, na treni inafika mbali.

Kinachowafukuza watu Chicago ni mambo mawili yasiyolingana uzito. La kwanza ni baridi: tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri. Hilo hupita, na koti zito linatosha. La pili ni mgawanyiko wa rangi. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni sita waliyahama majimbo ya kusini, na Chicago ilikuwa mojawapo ya miji waliyoikimbilia. Walisongwa katika mitaa ya kusini na magharibi ya mji kwa mikataba ya nyumba na mikopo ya kibaguzi, na mpaka huo bado unasomeka kwenye ramani ya shule, maduka na uhalifu. Mtalii anaweza kukaa Chicago wiki nzima akafurahi bila kuuvuka hata mara moja, na wengi hufanya hivyo.

San Francisco ni mji mdogo, wenye kilomita za mraba 121 tu za nchi kavu, vilima vikali, tramu za kuvutwa kwa kebo tangu mwaka 1873 na daraja jekundu la Golden Gate la mwaka 1937. Ukungu wa Julai huwashangaza wageni waliokuja na nguo za kiangazi, na maduka ya sweta karibu na bandari yanaishi kwa mshangao huo. Miaka ya karibuni sifa ya mji huo imechafuliwa na picha za watu wanaolala barabarani, na mara nyingi lawama huelekezwa kwa dawa za kulevya au umaskini. Lakini Detroit ni maskini kuliko San Francisco kwa mbali, na bado ina watu wachache zaidi wasio na makazi kwa kulinganisha na idadi ya wakazi wake. Tofauti ni bei ya paa. Mahali ambapo nyumba ya kawaida huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, na majirani wana nguvu ya kisheria ya kuzuia ghorofa mpya, anayeteleza kidogo huangukia barabarani. Sifa ile ile inayompendeza mgeni, mji usiobadilika sura, ndiyo inayomnyima mwenyeji chumba.

Los Angeles huwavunja moyo wageni wengi kwa sababu wanautafuta mji na hawaupati. Wilaya yake ina miji 88 inayojitegemea na watu wapatao milioni kumi, na njia ya nyota za Hollywood, ambayo kila mtu huanzia hapo, ni kipande cha barabara chenye maduka ya fulana. Raha ya Los Angeles imetawanyika: ufuo huku, mlima kule, chakula cha Kikorea au cha Kimeksiko katika jengo la kawaida pembeni ya maegesho. Wenyeji wanaoupenda mji huo huupenda mtaa wao, nao huutembelea mtaa wa pili kama watu waendao safari. Ajabu ni kwamba eneo hilo liliwahi kuwa na mojawapo ya mitandao mikubwa ya tramu duniani. Tramu ya mwisho kati ya magari mekundu ya kampuni ya Pacific Electric ilisimama mwaka 1961, na tangu mwaka 1990 umma umekuwa ukilipa fedha nyingi kurudisha reli, njia moja baada ya nyingine.

Las Vegas haihitaji maneno mengi. Nevada ilihalalisha kamari mwaka 1931, na leo mji hupokea wageni wapatao milioni 40 kwa mwaka. Barabara maarufu ya mahoteli ambayo wageni huiita Las Vegas kwa sehemu kubwa iko nje ya mipaka ya mji huo, na wenyeji huikwepa isipokuwa wakienda kazini.

Houston iko upande wa pili wa mizani, na katika orodha za miji isiyovutia haikosi nafasi. Ni tambarare kama meza, hewa ya kiangazi kutoka Ghuba ya Meksiko ni nzito kama ya jikoni, na umbali baina ya kitu na kitu hauhimiliki kwa miguu. Barabara kuu ya Katy ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2008 ikiwa na sehemu yenye njia 26, ukihesabu na zile za pembeni, foleni zikarudi. Mgeni anayetembea katikati ya mji saa sita mchana hukuta njia tupu na kudhani mji umekufa, kumbe wafanyakazi wa maofisini wako chini ya miguu yake, wakila chakula cha mchana katika mahandaki yenye viyoyozi ya urefu wa kilomita kumi hivi.

Lakini Houston ina zaidi ya wakazi milioni 2.3, na hawakufika huko kwa bahati mbaya. Ndio mji mkubwa pekee wa Marekani usio na sheria ya kugawa ardhi kwa matumizi. Wapiga kura waliikataa mwaka 1948, wakaikataa tena 1962 na 1993. Matokeo yake ni mtaa mmoja wenye kanisa, gereji, mgahawa wa Kivietinamu na jengo la ghorofa ishirini, kila kimoja kikimpa kisogo mwenzake. Macho hayapendi, lakini nyumba hujengwa upesi na bei hubaki ya kufikika. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato, ingawa hufidia kwa kodi kubwa ya majengo. Texas Medical Center, kundi la hospitali na vyuo vya tiba lililo kubwa kuliko yote duniani, huajiri wauguzi na mafundi wa maabara kutoka kila bara, na wahamiaji wamekifanya chakula cha Houston kuwa miongoni mwa vyakula vizuri zaidi nchini, jambo ambalo mtalii aliyekaa hotelini hatalijua.

Uhuru huo wa kujenga una bei yake, na Kimbunga Harvey kiliidai Agosti 2017. Baadhi ya maeneo yalipata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 katika siku chache. Upande wa magharibi wa mji kuna mabwawa mawili, Addicks na Barker, yaliyojengwa na wahandisi wa jeshi miaka ya 1940 ili kukinga mafuriko. Kwa kawaida huwa makavu, yanafanana na pori la kawaida, na kwa hiyo wajenzi walipandisha nyumba mpaka ndani ya eneo ambalo maji yangejaa siku mabwawa yakifurika. Siku hiyo ilipofika, maelfu ya familia waligundua kwamba walikuwa wamenunua nyumba ndani ya bwawa.

Phoenix ina hadithi inayofanana, ila kwake tatizo ni ukosefu wa maji. Mwaka 1950 ilikuwa na watu wapatao 107,000. Mwaka 2020 walikuwa milioni 1.6. Kilichowezesha hilo ni kiyoyozi, pamoja na mfereji wa kilomita 540 hivi unaovuta maji ya Mto Colorado kuvuka jangwa. Kuanzia mwisho wa Juni 2023 joto lilifika au kupita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo, na wilaya ya Maricopa, ulimo mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Lami huunguza ngozi ya aliyeanguka. Wakazi hutembeza mbwa kabla ya jua kuchomoza. Ikifika Desemba mambo hugeuka: wastaafu kutoka Minnesota na Kanada hushuka kwa maelfu kuota jua, na kwa miezi minne Phoenix ni mji wa kupendeza bila ubishi. Swali la mtu kama anaupenda mji huo lingetakiwa kuulizwa pamoja na tarehe.

New Orleans ni mfano mchungu zaidi wa pengo kati ya mgeni na mwenyeji. Ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718, na mtaa wake wa kale, unaoitwa wa Kifaransa, una sura ya Kihispania kwa sababu moto wa mwaka 1788 na ule wa 1794 uliteketeza nyumba nyingi wakati Wahispania wakitawala. Tramu ya barabara ya St. Charles ilianza mwaka 1835 na bado inapita chini ya miti mikubwa. Kuna uwanja unaoitwa Congo Square, ambako siku za Jumapili watumwa waliruhusiwa kukusanyika, kuuza vitu, kupiga ngoma na kucheza, na wanahistoria wa muziki huuhesabu miongoni mwa chimbuko la jazi. Hata gumbo, mchuzi mzito ambao kila mgeni lazima auonje, jina lake linahusishwa na neno la bamia katika lugha za Kibantu za pwani ya Angola. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kula mbali na kwao na bado akawa mezani kwa binamu.

Hakuna mji wa Marekani unaojua kupokea mgeni kama huo. Kwa mwenyeji, karibu nusu ya mji iko chini ya usawa wa bahari. Tarehe 29 Agosti 2005 Kimbunga Katrina kilipopiga, matuta na kuta za kuzuia maji zilibomoka, asilimia 80 ya mji ikafunikwa, na zaidi ya watu 1,300 wakafa katika eneo zima la maafa. Mtaa wa Kifaransa, uliojengwa na watu wa kale walioijua ardhi ya juu, haukuzama sana; waliozama ni wapishi na wanamuziki wake. Mwaka 2000 mji ulikuwa na watu 484,674, na mwaka 2020 walikuwa 383,997. Bima ya nyumba imekuwa mzigo unaowahamisha hata waliorudi. Na kabla ya Katrina ilikwishapita barabara: miaka ya 1960 miti ya mialoni ya Claiborne Avenue, uti wa mgongo wa mtaa wa watu weusi wa Tremé, ilikatwa, na juu yake ikajengwa barabara kuu ya nguzo. Gwaride za harusi, mazishi na kanivali ya Mardi Gras bado hupita hapo, chini ya zege.

Detroit ilibeba kwa miaka mingi cheo cha mji usiopendwa kuliko yote, na cheo hicho kinaanza kuchakaa. Mwaka 1913 Henry Ford aliwasha mstari wa kuunganisha magari huko Highland Park, kitongoji kilichozungukwa na Detroit, na mwaka uliofuata akatangaza ujira wa dola tano kwa siku. Watu wakamiminika, hadi kufika milioni 1.85 mwaka 1950. Kisha viwanda vikahamia viungani na majimbo mengine, weupe wakavifuata, na barabara kuu ikafutilia mbali mtaa wa Hastings, kitovu cha biashara na muziki cha watu weusi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 639,111. Mji uliouza magari kwa dunia nzima ndio uliohamwa kwa magari hayo hayo. Julai 2013 manispaa ilitangaza kufilisika, na hakuna manispaa ya Marekani iliyowahi kufilisika ikiwa na deni kubwa kiasi hicho. Wadai walitaka hata michoro ya jumba la sanaa la Detroit iuzwe. Iliokolewa kwa michango ya taasisi na fedha za jimbo, na kuta zilizochorwa na Diego Rivera mwaka 1932 na 1933, zenye wafanyakazi na mitambo ya Ford, bado zipo.

Anayefika Detroit leo akitegemea magofu atayakuta, lakini pia atakuta nyumba ya barabara ya West Grand ambako Berry Gordy alianzisha kampuni ya muziki ya Motown mwaka 1959, na stesheni kubwa ya Michigan Central, iliyofungwa mwaka 1988 na kusimama tupu kwa miongo mitatu, ikifunguliwa upya Juni 2024 baada ya kampuni ya Ford kuikarabati. Makadirio ya serikali yalionyesha idadi ya wakazi ikipanda mwaka 2023, kwa mara ya kwanza tangu 1957. Nyumba ni nafuu; bima ya gari ni ghali mno, na basi halisubiriwi kwa furaha.

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani hawakupata kuchagua kati ya miji hii. Wakimbizi wa Kongo, ambao katika miaka kadhaa ya karibuni walikuwa kundi kubwa kuliko yote lililopokewa nchini humo, walipelekwa na mashirika ya upokezi mahali palipokuwa na nafasi: Houston, Phoenix, Dallas, na mara nyingi Louisville au Lexington katika jimbo la Kentucky. Kentucky ni jimbo ambalo watalii wengi hulijua kwa mbio zake za farasi. Shirika liliwatafutia nyumba na kuwasaidia hasa kwa siku 90 za mwanzo, na jembe lilitolewa mapema kuliko methali inavyoagiza. Kazi zipo, nyingi za zamu kwenye maghala na viwanda. Uwanja wa ndege wa Louisville ndio kitovu kikuu cha ndege za mizigo za kampuni ya UPS, na vifurushi huchambuliwa humo usiku kucha. Pango si kama la New York, watoto hupata shule, na maduka ya Kiafrika huuza unga wa muhogo na samaki wakavu. Kitu cha kwanza ambacho familia nyingi huwekea akiba ni gari, kwa sababu zamu huanza saa ambazo mabasi ni machache.